Kisahani cha Mita

Kila baada ya miezi miwili ulipanda kwetu mlimani
na kofia ya kampuni, penseli nyuma ya sikio,
ukabisha mara moja tu, kama anayeomba radhi.
Mita iko jikoni, juu ya gunia la viazi.
Ulijua. Kila mara ulitaka uonyeshwe.

Siku ya kwanza ulisimama kitambo
ukikitazama kile kisahani kinavyozunguka, kinavyozunguka,
ukaniuliza, "Saveria, waishi peke yako?"
Nikasema peke yangu, tangu mama alipotutoka.
"Basi wapiga pasi usiku kucha."
Nikacheka. Ukacheka.
Ukaandika sitini na mbili.
Tarakimu nazijua, Gaspare. Ilikuwa mia tatu na kumi.

Chini ya tanuri, vidato kumi na kimoja,
kaka yangu Fortunato yumo, huu mwaka wa tano.
Ana kitanda, ana redio, ana Bikira wa plasta aliyevunjika kidole,
na feni ya kumvutia hewa
kwa bomba lililofichwa kwenye shamba la bergamoti.
Feni ikizimika, amebakiwa na saa mbili.
Alinifundisha mwenyewe, kwa utulivu,
kama mtu anavyofundishwa kipimo cha chumvi.
Waliokufa kwa neno lake siwahesabu.
Soksi zake nazifua.

Safari ya nne ulileta tini ndani ya kofia.
Ya tano hata mita hukuisoma.
Nilifungulia maji, nikawasha redio, nikagonganisha masufuria,
lakini furaha ina sauti yake, haizibwi kwa mfuniko.
Wanasema kuta zina masikio.
Za kwetu zina na tumbo.

Usiku ule nilipomshushia mchuzi, aliuliza,
"Anaitwa nani huyo anayekuchekesha?"
Akalamba kijiko. Hasira hakuwa nayo.
"Mwambie Jumapili aje ale nasi."

Nasi.

Huku kwetu mtu hakaribishwi mezani na asiyeonekana
kisha akarudi kumsimulia mama yake ladha ya nyama.

Ndiyo maana Jumamosi nilikutukana mlangoni
kwa sauti ya kufika dirishani kwa Nunziata na kumpita,
nikakuita mwizi wa nyaya, mbwa wa kampuni,
nikakurushia kofia yako mwenyewe.
Uliiokota. Uliikung'uta vumbi polepole mno.
Kisha macho yako yakashuka, yakatua miguuni pangu,
kwenye vigae visivyopoa hata Januari,
nikajua kwamba wajua,
na kwamba ulijua tangu zile sitini na mbili.

Damu nzito kuliko maji, baba alipenda kusema.
Lakini sikuwahi kumwona akiiosha damu
ila kwa maji.

Leo imeletwa bili.
Namba umeiandika kwa mkono wako, ile saba yako yenye mshipi:
mia tatu arobaini na saba.
Ya kweli. Ya kwanza ya kweli tangu tujuane.
Pembeni, muhuri: nakala, ofisi ya Reggio.
Na tarehe uliyoweka ni ya kesho.

Nimeigeuzageuza kama barua.
Umeniuza, Gaspare, au umenipa usiku mmoja?
Na kama umenipa, ni usiku wa kumtoa yeye
au wa kutoka mimi?
Ungeweza kuandika. Penseli ilikuwa mkononi.
Lakini nami ningeweza kukuambia, siku ile ya tini,
badala ya kukulisha na kukutazama ukitafuna.

Maji ya tambi yanachemka.
Swichi ya feni iko hapa kando ya mita, kimo cha bega langu,
na kisahani kinazunguka.
Fortunato anagonga bomba mara mbili: ana njaa.
Bili nimeikunja, nimeitia mfukoni mwa aproni.
Natia chumvi. Naonja.
Natia tena.